Anayeajiriwa Kunadi Vipuri Anaajiriwa Kusema Kweli



Mfanyabiashara mmoja wa vipuri vya pikipiki alinijia hivi karibuni, akaniomba nimtafutie kijana wa kufanya naye kazi. Duka lake limekua, na bidhaa anazozileta kutoka Goma haziishi tena kwa kumngoja mteja mlangoni. Alihitaji mtu wa kuwatembelea mafundi kuanzia Sake hadi Nyabiondo, kutuma picha za bidhaa kwa simu, kuandaa tangazo la redio, na kuandika katika daftari ni nani anahitaji nini. Katika miji mikubwa kazi hiyo huitwa msaidizi wa masoko. Nilipomwuliza anataka kijana wa namna gani, alicheka kidogo, akasema: "Mwalimu, nipe mwenye mdomo."

Nimefundisha miaka mingi, na vijana wenye mdomo ninawajua wengi. Ufasaha ni kipaji, wala sioni aibu yoyote kwa kijana anayejua kueleza jambo likaeleweka. Hata hivyo sikumpa jina siku ile. Nilikumbuka mteremko mmoja wa barabara ya Masisi.

Miaka michache iliyopita nilikuwa nimepanda pikipiki tukishuka kuelekea Sake. Katikati ya mteremko dereva alikanyaga breki, nayo haikushika. Akakanyaga tena, bure. Alikuwa kijana mwenye akili tulivu: aliielekeza pikipiki kwenye ukingo wa udongo, tukaanguka katika majani, tukanyanyuka na michubuko tu. Alipolifungua gurudumu la nyuma, tuliona kwamba mpako mgumu wa pedi umebanduka kutoka kwenye chuma chake. Pedi ile alikuwa ameinunua wiki hiyo hiyo. "Waliniambia ni orijino," alisema. Hakusema aliona, wala hakusema alipima. Alisema waliniambia.

Neno hilo moja ndilo lililonifanya niandike. Katika biashara ya vipuri, mnunuzi karibu kila mara hununua neno pamoja na chuma. Kwa hiyo anayemwajiri msaidizi wa masoko anaajiri neno hilo, na kijana anayeikubali kazi hiyo anakubali kuwa shahidi. Maoni yangu ni kwamba uaminifu wa kijana huyo ndio ujuzi wa kwanza wa kazi yake, unaopaswa kupimwa kabla ya mdomo, kabla ya undugu na kabla ya sura.

Kizuri hakijiuzi daima

Wazee wetu walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii ni ya kweli kwa vitu ambavyo jicho linaweza kuvihukumu. Jibini ya Masisi huonjwa kabla ya kulipiwa. Viazi hupinduliwa gunia zima pale sokoni. Mawese ya Walikale hutazamwa rangi, hunuswa, hupakwa kidoleni. Muuzaji hata akiwa bubu, bidhaa itajisemea.

Kipuri hakisemi. Mnyororo uliotengenezwa kwa chuma kilichokomazwa kwa moto na mnyororo wa chuma laini hung'aa sawasawa ndani ya mafuta yake. Tofauti huonekana baada ya majuma kadhaa, pale mmoja unaporefuka, unaruka meno na kukatika. Pedi ya breki ni mpako mgumu uliogandishwa kwa gundi juu ya chuma. Gundi ikiwa dhaifu, hushika vizuri barabarani tambarare. Lakini katika mteremko mrefu, joto la breki likizidi, huachia. Hakuna mteja anayeweza kuiona gundi hiyo dukani. Beringi nayo huzunguka vizuri mkononi siku ya kuinunua, ziwe nzuri au mbaya.

Kwa hiyo katika vipuri, kizuri na kibaya vyote viwili hutembezwa, tena mara nyingi katika maboksi yanayofanana. Kinachovitenganisha kwa mteja ni neno la mtu anayejua, au anayepaswa kujua.

Hapa inafaa tujifunze kutofautisha mambo matatu ambayo wengi huyachanganya. Kwanza kuna kipuri halisi, kinachotoka kwa kiwanda kilichotengeneza pikipiki au kwa mshirika wake, na kubeba jina lake. Pili kuna kipuri mbadala, kinachotengenezwa na kiwanda kingine na kuuzwa kwa jina la kiwanda hicho. Hiki si wizi wala si udanganyifu. Ulimwenguni kote magari na pikipiki zilizozeeka huishi kwa vipuri vya namna hiyo; vingine ni vizuri sana, vingine ni vya wastani, na bei yake huwasaidia maskini. Tatu kuna kipuri bandia, kinachovaa jina la mwingine. Kosa lake haliko katika bei yake ndogo wala katika nchi kilikotoka. Kosa lake ni kwamba kinasema uongo juu ya asili yake.

Msaidizi wa masoko asiyejua tofauti hizo ataita kila kitu orijino kwa sababu neno hilo linauza. Anayezijua anaweza kumwambia mteja: "Hiki si cha kiwanda chenyewe. Ni mbadala, mafundi wawili wamekitumia, na hakijarudishwa." Sentensi hiyo ni tangazo la biashara zuri kuliko wimbo wowote wa redio, maana ndani yake kuna habari ambayo mteja anaweza kwenda kuihakiki.

Safari ndefu ya boksi dogo

Fikirieni njia ambayo kipuri hupitia kabla ya kufika kwetu. Pikipiki nyingi za barabara zetu zimetoka India na China, na vipuri vyake hutoka huko huko. Huvuka bahari hadi Mombasa au Dar es Salaam, kisha hupanda nchi kavu. Kampala kuna soko la Kisekka, linalojulikana kwa vipuri katika eneo lote hili. Nairobi kuna barabara ya Kirinyaga, mahali ambapo wenyeji bado wanapaita Grogan. Dar es Salaam kuna Gerezani na Kariakoo. Katika masoko hayo mtu hupata kipuri halisi, mbadala, kilichotumika na bandia ndani ya mtaa mmoja. Boksi likifika Goma limekwisha kupita mikono mingi, na kila mkono umeongeza bei yake na maelezo yake.

Serikali hazikulala. Kongo ina Ofisi ya Udhibiti, OCC, iliyoundwa mwaka 1974 kukagua ubora wa bidhaa. Kenya ilitunga sheria dhidi ya bidhaa bandia mwaka 2008. Nchi yetu ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na bidhaa zinazovuka mipaka zinahitaji ukaguzi wa pamoja zaidi kuliko zamani. Lakini hakuna mkaguzi anayeweza kusimama mbele ya kila meza ya vipuri huko Kitchanga, Masisi, Mubi au Pinga. Kadiri duka lilivyo mbali na mpaka, ndivyo ukaguzi unavyobaki mikononi mwa dhamiri ya muuzaji.

Na sisi tuko mbali. Walikale inaifahamu taabu hiyo kwa namna yake. Kuna wakati ndege ndogo zilitua juu ya kipande cha lami pale Kilambo kwa sababu barabara ya Goma haikuwa na tumaini. Mizigo hulipiwa kwenye vizuizi vingi, hulala njiani, hunyeshewa. Vita vya miaka hii vimeongeza mzigo juu ya mzigo. Mwanzoni mwa mwaka 2025 benki za Goma zilifungwa. Machi mwaka huo mapigano yalifika Walikale mjini, na mgodi wa bati wa Bisie ukasimamisha kazi kwa majuma kadhaa. Mfanyabiashara aliyekopa ili anunue shehena, akawapoteza wateja kwa mwezi mzima, hujaribiwa kununua boksi la bei rahisi na kulinadi kwa jina la bei ghali. Simhukumu kwa haraka. Nasema tu kwamba jaribu lake huishia kwenye mguu wa dereva anayekanyaga breki.

Njia tatu za kuajiri zinazotupoteza

Njia ya kwanza ni ile ya rafiki yangu: kutafuta mdomo. Mwenye mdomo huuza siku ya kwanza. Lakini wateja wa vipuri si wapita njia. Fundi hurudi kila juma, na wamotari hukutana kila asubuhi kwenye maegesho. Aliyelala njiani kati ya Nyabiondo na Kashebere kwa ajili ya mnyororo uliokatika atasimulia safari hiyo kwa mwezi mzima, akilitaja duka kwa jina. Mdomo mtamu humleta mteja mara moja. Anayemrudisha ni yule ambaye maneno yake yalithibitika.

Njia ya pili ni undugu. Mtoto wa shangazi amemaliza shule, hana kazi, basi apewe. Kumsaidia ndugu ni jambo jema, na pengine ndugu huyo ndiye mwenye uwezo kuliko wote. Ubaya ni kumpa kazi bila kumpima, na kuwafungia mlango wengine bila kuwasikiliza. Hapa kwetu undugu hupanuka haraka ukawa kabila. Masisi na Walikale ni nchi ya Wahunde, Wahutu, Watutsi, Wanyanga, Watembo, Wakumu na wengine, na sote tunajua ni damu kiasi gani imemwagika kwa sababu watu walianza kuhesabiana. Duka la vipuri linaweza kuwa mojawapo ya mahali pachache ambapo watu hawa wote bado wanahitajiana. Breki haiulizi kabila la anayeikanyaga. Mwenye duka anayeajiri kwa kabila hupoteza wateja wa makabila mengine, na zaidi ya hayo huongeza uzi mmoja katika ukuta unaotutenga. Kijana anayeweza kumsalimu fundi kwa Kihunde, kumweleza mwingine kwa Kinyarwanda au Kinyanga, na kuandika hesabu zake kwa Kifaransa, ana thamani kubwa katika kazi hii, awe ametoka kwa nani.

Njia ya tatu ni sura, na hapa nasema hasa kwa ajili ya dada zetu. Wako wanaotafuta msichana wa kusimama mbele ya duka ili avute wanaume. Wako pia wanaomwomba msichana, kabla ya kumpa kazi au baada ya kumpa, malipo ambayo hayako katika mkataba wowote. Jambo hilo lina jina moja tu: ni dhuluma. Msichana anayejua kutofautisha beringi mbili kwa namba zake asichukuliwe kama pambo la duka. Na wazazi wanaomwambia binti avumilie kwa sababu kazi ni adimu, wakumbuke kwamba wanamtuma peke yake mahali ambapo wao wenyewe wasingekubali kukaa.

Namna iliyo bora

Nilipokutana tena na mfanyabiashara yule, nilimpendekezea mambo manne. Nayaandika hapa kwa sababu yanawahusu pia ninyi mtakaotafuta kazi. Ni vema mjue mnastahili kupokelewa namna gani.

La kwanza: kazi iandikwe. Karatasi moja inatosha. Iseme kijana atafanya nini, atawatembelea mafundi siku zipi, nani atamlipia nauli, ataripoti kwa nani. Kazi isiyoandikwa hukua kila siku: leo anapeleka picha, kesho anabeba magunia, keshokutwa anaosha gari la bosi.

La pili: apimwe kwa vitendo. Hili lichukue asubuhi moja. Awekewe mezani maboksi matatu ya pedi, asomewe maelezo, kisha amweleze fundi ambaye hawajawahi kuonana. Fundi amwulize swali gumu ambalo jibu lake halikusomwa. Kijana atakayebuni jibu kwa ufasaha ameshindwa. Atakayesema, "Hilo silijui, nitauliza na kukurudishia jibu kesho," amepita nusu ya mtihani. Nusu iliyobaki ni kuona kama kesho amerudi na jibu.

Kisha apewe hesabu. Tuseme, kwa mfano tu, pedi nzuri inauzwa faranga 12.000 na kudumu miezi minne, na ya bei rahisi inauzwa faranga 5.000 na kudumu mwezi mmoja. Kwa miezi minne mteja wa kwanza ametoa faranga 12.000, wa pili ametoa faranga 20.000, bila kuhesabu siku alizokosa kazi pikipiki ikiwa kwa fundi. Kijana anayeweza kulieleza hilo kwa dereva asiyejua kusoma, kwa upole na bila kumdharau, huyo ndiye mtu wa masoko. Hakumdanganya mtu, na bado ameuza kilicho ghali zaidi.

La tatu: mkataba. Sheria ya kazi ya nchi yetu, ya tarehe 16 Oktoba 2002, imeweka mipaka kwa muda wa majaribio: mwezi mmoja kwa kibarua asiye na utaalamu, na miezi sita kwa wafanyakazi wengine. Wako vijana ambao wamejaribiwa mwaka mzima. Huko hakuna majaribio tena; ni kumtumia mtu. Sheria hiyo hiyo inahesabu kwamba mkataba usioandikwa ni wa muda usio na kikomo, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Mwajiri anayekataa kuandika akidhani anajilinda, mara nyingi amejifunga mwenyewe.

La nne, ambalo naliona kuwa zito kuliko yote: mshahara usiwe wa asilimia peke yake. Wengi huwaambia vijana, "Utakula unachouza." Maneno hayo yanasikika kama haki, lakini yatazameni vizuri. Kijana ambaye chakula cha jioni cha wadogo zake kinategemea kuuzwa kwa boksi hili, leo, kabla ya jua kuzama, tumemweka mahali ambapo ukweli unamgharimu ugali. Tukimwambia awe mwaminifu huku tumeupanga mshahara wake ili uongo umlishe, sisi ndio tuliomfundisha kudanganya. Apewe mshahara wa msingi, hata kama ni mdogo, unaolipwa kwa tarehe inayojulikana. Juu yake aongezewe zawadi kwa wateja waliorudi, wala si kwa maboksi yaliyotoka tu. Hapo faida yake na usalama wa dereva vitakwenda njia moja.

Hili si wazo langu jipya. Kitabu cha Walawi, katika sura ya 19, kinaunganisha mizani ya haki na haki kwa mgeni. Mtakatifu Yakobo, katika sura ya tano ya barua yake, anawaonya matajiri juu ya ujira wa vibarua uliozuiliwa. Papa Leo XIII, katika Rerum Novarum ya mwaka 1891, alifundisha kwamba mapatano ya mshahara hayatoshi kuwa ya haki kwa sababu tu pande mbili zimekubaliana. Mwenye njaa hukubali chochote. Neno la haki juu ya bidhaa na ujira wa haki kwa anayelisema ni jambo moja lenye pande mbili.

"Ukisema ukweli hutauza"

Najua pingamizi, maana mfanyabiashara yule alinipa yote. Alisema dereva wa kwetu hana faranga 12.000; anazo 5.000, na leo lazima afanye kazi. Ukimweleza ubora, ataondoka na kwenda kwa jirani ambaye ataliita boksi la 5.000 orijino. Basi mkweli atafunga duka, na mwongo atabaki.

Pingamizi hili lina uzito, nami sitalifuta kwa maneno mazuri. Kweli, siku nyingine mkweli atampoteza mteja. Lakini hakuna anayemwambia asiuze kipuri cha bei rahisi. Akiuze, kwa jina lake: "Hiki kitakufikisha mwisho wa juma. Usishuke nacho mteremko ukiwa na abiria wawili na gunia. Ukipata fedha, rudi." Dereva maskini anayo haki ya kununua anachokimudu. Anayo pia haki ya kujua alichonunua, ili aendeshe kulingana nacho. Aliyemdanganya alichukua fedha yake pamoja na tahadhari yake. Yule kijana wa mteremkoni angejua pedi yake ni dhaifu, angeshuka kwa gia ya chini na polepole. Alishuka kwa imani, kwa sababu waliniambia.

Aidha msaidizi wa masoko mkweli huleta kitu ambacho mwongo hawezi kukileta: habari. Mafundi humweleza ni kipuri gani kimerudi, pikipiki za aina gani zimeongezeka barabarani, nini kinakwisha haraka wakati wa mvua tope linapoingia katika minyororo na beringi. Daftari la namna hiyo, likitunzwa miezi sita, humwambia mwenye duka aagize nini na aache nini. Bidhaa mbaya hulala rafuni na fedha ya mkopo. Lakini fundi hamfungulii moyo mtu aliyewahi kumdanganya.

Kwenu mnaotafuta kazi

Wengi wenu mmemaliza sekondari, wengine kwa tawi la biashara na usimamizi, wengine kwa ualimu kama mimi, na diploma imelala katika mfuko wa plastiki chini ya godoro. Mnaitazama kazi ya kunadi vipuri kama kitu cha kupitisha muda. Nawasihi msiidharau. Bwana wetu mwenyewe watu wa Nazareti walimjua kama fundi kabla ya kumjua kama mwalimu.

Jiandaeni kwa mambo madogo. Kaeni na fundi siku moja kwa juma, mshikeni taa, mwulizeni kwa nini kile kimevunjika. Jifunzeni kusoma namba zilizo juu ya beringi na juu ya boksi. Mlinganishe maandishi ya boksi moja na jingine, maana wanaoiga hukosea herufi, ingawa siku hizi huigiza vizuri, na boksi peke yake si ushahidi. Jifunzeni kuuliza swali lisilopendwa: "Hiki tulikinunua wapi, na risiti iko wapi?" Jifunzeni kuandika ujumbe mfupi wa simu usio na chumvi: jina la kipuri, pikipiki inayokifaa, ni cha nani, bei yake, na kinarudishwa kwa masharti gani.

Na siku mwajiri atakapowaagiza kuita bandia orijino, fanyeni nini? Sitawaambia kwa wepesi kwamba muache kazi siku hiyo hiyo. Najua nyumbani kuna nani. Semeni naye kwanza faraghani, kwa heshima, mkimwonyesha hasara yake mwenyewe. Mwombeni ruhusa ya kutumia neno mbadala pale panapostahili. Lakini juu ya breki, usukani na tairi, vitu vinavyobeba uhai, msitoe neno la uongo hata kwa amri. Kuna mshahara ambao hauliki. Na asikubali mtu kulibeba jambo hilo peke yake: kikundi chenu kipo ili anayeipoteza kazi kwa sababu ya ukweli asibaki na njaa peke yake. Tukiwasifu wakweli Jumapili na kuwasahau Jumatatu, maneno yetu nayo ni bandia.

Mfanyabiashara yule hakukubali yote. Juu ya mshahara wa msingi alinung'unika, akasema atafikiri. Lakini mtihani wa maboksi matatu ulimpendeza, akaniuliza kama anaweza kuufanya hapa hapa, mbele ya vijana wote wanaotaka, bila kujali wametoka kwa nani. Nilimjibu kwamba anakaribishwa. Atakuja na fundi wake. Nami nitakaa nyuma nikisikiliza ni nani atakayethubutu kusema: silijui, nitauliza.

Maswali ya kutafakari katika kikundi

1. Ni lini mara ya mwisho ulinunua kitu kwa kuamini neno la muuzaji tu? Neno hilo lilithibitika?

2. Katika mtaa wako kazi hutolewa kwa mdomo, kwa undugu, kwa sura au kwa uwezo? Wewe mwenyewe ungependa kupewa kwa kipi?

3. Kikundi chetu kinaweza kumsaidia namna gani, kwa kitu na si kwa maneno tu, kijana aliyepoteza kazi kwa kukataa kudanganya?